Vipindi vya runinga vya kubadilisha watu sura: zile siku kati ya "kabla" na "baada" huwa zinakwenda wapi?

#1 · Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome kesho.

Mimi ni muuguzi. Huu ni mwaka wa 11 niko wadi ya majeraha ya moto na upasuaji rekebishi. Daktari bingwa akimaliza saa zake 3 au 4 chumba cha upasuaji, anayebaki na mgonjwa ni mimi: kulowesha bandeji iliyogandia, kuibandua taratibu, kuosha, kufunga upya, na kesho tena. Kwa hiyo nikiangalia kipindi kinachoonyesha mtu aliyefanyiwa upasuaji, macho yangu hutafuta kidonda kwanza, uso baadaye.

Wiki iliyopita binti wa dada yangu, ana miaka 19, alinionyesha kwenye simu vipande vya kipindi cha zamani cha Marekani kinachoitwa The Swan. Tuliangalia kama 6 mfululizo. Akaniuliza, "Mamdogo, hawa mbona hawaumwi?"

Nilimjibu juujuu tu. Tangu siku hiyo swali halijanitoka, ndiyo maana nimekuja nalo hapa.

Kwa wasiokijua: The Swan ilirushwa na Fox mwaka 2004, misimu yote 2 ndani ya mwaka huohuo. Jina limetokana na ile hadithi ya bata mbaya anayekuja kuwa batamaji. Kila sehemu walichukuliwa wanawake 2 walioambiwa ni wabaya wa sura, wakawekwa miezi 3 mikononi mwa wapasuaji, daktari wa meno, mkufunzi wa mazoezi na mtaalamu wa saikolojia. Pua, kidevu, matiti, tumbo, mapaja, meno, vyote kwa mkupuo. Miezi hiyo yote hawakuruhusiwa kujiona kwenye kioo. Siku ya mwisho mwanamke anavalishwa gauni, anatengenezwa nywele, anasimamishwa mbele ya pazia, pazia linavutwa, kioo hiki hapa. Analia. Halafu kati ya wale 2, mmoja anachaguliwa kwenda kwenye shindano la urembo na mwenzake anaambiwa safari yake imeishia hapo. Yaani mtu amekatwa mwili mzima, na siku ya kujiona anaambiwa bado hajafikia.

Sasa turudi kwenye swali la binti yangu. Miezi 3 ya watu 2 imebanwa kwenye kipindi kisichofika saa 1 ukitoa matangazo. Kilichobanwa nakifahamu kwa mikono yangu.

Siku ya kwanza mtu anatoka kwenye nusukaputi anatapika. Kutapika huku una mshono tumboni, aliyepitia ataelewa. Siku ya 2 na ya 3 ndiyo uvimbe unafika kileleni. Aliyefanyiwa kope au pua macho hayafunguki, na anakuwa wa zambarau mpaka shavuni. Ana mirija inayotoa damu na majimaji, kila baada ya saa kadhaa tunapima imejaa kiasi gani. Aliyekatwa ngozi ya tumbo anatembea amepinda kama ajuza kwa wiki nzima au zaidi, akijinyoosha mshono unavuta. Kucheka hawezi, kukohoa anashikilia mto tumboni. Sehemu zilizokatwa hupoteza hisia kwa miezi, nyingine hazirudi kabisa. Pua huchukua karibu mwaka mzima mpaka uvimbe wote uishe na umbo lake litulie. Kovu nalo linahitaji mwaka au zaidi kupoa, na kwa ngozi zetu nyeusi kuna wanaoota makovu manene yanayopanda na kuwasha, ambayo ukiyakata hurudi makubwa zaidi.

Halafu kuna siku moja, kwa wengi ni kati ya ya 5 na ya 10, ambayo mgonjwa anageukia ukutani na kulia bila sababu anayoweza kuitaja. Kwa aliyeungua na kwa aliyekwenda mwenyewe kupunguza tumbo, siku hiyo huja. Sisi wauguzi tunaijua. Kwenye mabadiliko ya shifti tunaambiana, "kitanda namba fulani leo amenyamaza." Kipindi kikionyesha siku hiyo, basi ni sekunde chache na muziki wa huzuni, kisha tunarukia kwenye gauni.

Kuhusu vioo, nina jambo lililoniumiza zaidi.

Upasuaji huu wa uso kwa namna tunayoujua leo ulikomaa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alipata hospitali yake Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, akawatibu maelfu ya askari waliopasuliwa nyuso na vyuma vya mabomu. Wengine hawakuwa na taya, wengine hawakuwa na pua. Wadi za Sidcup vioo vilipigwa marufuku, ili kijana wa miaka 20 asikutane na uso wake kabla hajawa na nguvu za kuupokea. Kwenye barabara ya kwenda mjini waliweka mabenchi yaliyopakwa rangi ya buluu, ili mwananchi ajue kwamba anayekaa pale huenda sura yake ikamshtua.

Kwa hiyo kuondoa kioo ni dawa ya zamani. Hata mimi nimewahi kufunika kioo cha bafuni kwa shuka kwa ajili ya mama aliyelipukiwa na jiko la gesi, kila asubuhi nikimuuliza, "Mama, leo tukifunue?" Siku aliyosema ndiyo ilikuwa ya 34. Tulikuwa wawili tu bafuni. Alijiangalia, akagusa nyusi ambazo hazikuwepo, akaniomba kanga ajifunike kichwa, tukarudi kitandani polepole. Nikiwaona wale wa The Swan wamenyimwa kioo ili mshtuko wao uhifadhiwe kwa ajili ya kamera, naona dawa ya watu imegeuzwa maonyesho.

Kipindi kikubwa kilichotangulia ni Extreme Makeover cha ABC, kilianza mwisho wa 2002 kikaenda mpaka 2007. Kile kilikuwa na upole kidogo, hakukuwa na kushindanisha watu. Lakini kisa cha mwanamke mmoja wa Texas naomba kila anayefurahia vipindi hivi akijue, maana kilifika mahakamani.

Alizaliwa na kasoro ya taya na meno. Mwaka 2004 alichaguliwa, akapelekwa Los Angeles. Kwa mujibu wa madai aliyoyafungua mwaka 2005, waandaaji waliwahoji ndugu zake na kuwashinikiza waeleze mbele ya kamera jinsi alivyo mbaya, kwa sababu kipindi kinataka "kabla" yenye uchungu. Dada yake, ambaye hakuwahi kumsema, naye alisukumwa aseme. Kisha, siku moja kabla ya kisu, akaambiwa upasuaji umefutwa kwa kuwa kupona kwake kungechukua muda mrefu kuliko ratiba ya kipindi. Akarudishwa nyumbani na taya lilelile, kwa ndugu walewale ambao sasa wameshatamka. Miezi michache baadaye dada yake alijitoa uhai. Familia ilisema alielemewa na yale maneno. Kesi iliisha kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2006.

Nimelirudia hilo la ratiba mara nyingi kichwani. Mwili wake ulihitaji muda, kipindi hakikuwa nao. Na maneno ya ndugu hayana mshono wa kuyafunga.

Wakati wa Vita vya Pili kulikuwa na binamu wa Gillies, Archibald McIndoe, akiwatibu marubani walioungua kwenye mji mdogo wa East Grinstead. Wagonjwa wake walianzisha chama chao mwaka 1941, mpaka vita vinaisha kilikuwa na wanachama 649. McIndoe aliona kwamba kumtengenezea mtu kope na midomo haitoshi kama akitoka nje watu watamkodolea. Akazungumza na wenyeji wa mji: wakaribisheni majumbani, kaeni nao baa, wasalimieni mkiwatazama machoni. Ule mji ulikuja kuitwa mji usiokodoa macho.

Nimemleta huyu kwa sababu anatuhusu. Mwaka 1956, chini ya Mlima Kilimanjaro, McIndoe na wanafunzi wake 2, Michael Wood na Tom Rees, walipanga huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda vijijini, na mwaka uliofuata ikazaliwa taasisi ambayo leo ni AMREF. Wote 3 walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Rees alikuwa New York akikaza ngozi za nyuso za matajiri, na huyohuyo akija huku anashona watoto waliozaliwa na mdomo sungura na watu waliojeruhiwa na wanyama. Kwa hiyo anayenijibu kwamba namchukia mpasuaji wa urembo atakuwa hajanielewa. Kisu ni kilekile na mikono ni ileile.

Mji mmoja ulifundishwa namna ya kumtazama mtu anayepona. Runinga imetufundisha tumkodolee macho kwenye "kabla", tupige makofi kwenye "baada", na siku za kati ambazo ndizo mtu anatuhitaji, tubadilishe chaneli.

Karibuni tuchangie. Najibu nikipata nafasi.

#2 · Mchangiaji, Mombasa

Dada muuguzi, shikamoo kama wanizidi, na ahsante kwa darsa. Lakini mimi nina neno.

Wale ni watu wazima na walitia sahihi. Mimi nilipunguza matiti miaka minne iliyopita. Tangu nikiwa na miaka 15 mabega yalikuwa na mifereji ya sidiria, mgongo wanitesa, chini ya matiti ngozi yachubuka kila joto likizidi, na wajua joto la huku kwetu. Ujasiri wa kwenda kumuona daktari niliupata kwa vipindi kama hivyo unavyovisema. Bila runinga nisingalijua kwamba kuna tiba. Nyumbani hakuna aliyewahi kunambia, wote walikuwa waona haya.

Na hapa mtaani maneno niliyopewa! "Amekwenda kukata alichopewa na Mola." Sasa ukiandika hivi, wale wanaonisema watapata la kushika.

#3 · Mleta uzi

Dada yangu wa Mombasa, marahaba kama nakuzidi, na pole kwa hayo maneno. Nimekusoma mara mbili.

Ulichofanya ni tiba, na kwa upande wangu sina la kukupinga. Mifereji ya mabega na mchubuko wa chini ya matiti nimeiona kwa wagonjwa wetu, na nimewaona wakirudi kliniki baada ya miezi 6 wamenyooka mgongo, wamekuwa warefu kama vile. Hata hapa kwetu siku hizi hospitali ya Mloganzila wanafanya, mtu hahitaji kupanda ndege kwenda India. Kama runinga ndiyo iliyokufungulia mlango, basi hilo ni jema lake na nalikubali waziwazi. Uzi wangu ulikuwa na pengo hapo.

Ila nikuulize, na usijibu kama hutaki: nani alikuosha zile wiki 2 za kwanza?

#4 · Mchangiaji, Mombasa

Mamangu. Hakunena na mimi siku mbili kabla sijaenda. Niliporudi aliniosha na kunivisha mwezi mzima, hata kuinua mkono kufunga nywele nilikuwa siwezi. Hakuniuliza kitu.

Sawa. Nimekufahamu.

#5 · Mchangiaji, aliyesoma Korea

Nimeishi Seoul miaka 5 kwa masomo, niongeze la huko.

Wakorea walikuwa na kipindi kinaitwa Let Me In, kuanzia 2011 hadi 2015. Ukiangalia The Swan baada yake utaona ya Wamarekani ilikuwa mchezo. Huko wanakata taya zote 2, ya juu na ya chini, wanazisogeza na kuzifunga kwa vyuma vidogo. Jirani yangu wa bweni alifanyiwa, si kwenye kipindi, kwa hela za wazazi. Wiki kadhaa alikuwa anakula uji mwepesi kwa bomba la sindano, kidevu hakina hisia, mate yanamtoka hajui. Tulikuwa tunamkumbusha kwa ishara ya kidole ajifute. Anasoma uhandisi, mtu mwenye akili sana, lakini muhula ule alifeli.

Kwenye kipindi familia ilikuwa inakaa ukumbini, mlango unafunguka, mshiriki anatoka mwingine kabisa, mama mzazi anashindwa kumtambua, watu wanashangilia. Mama hamtambui mwanawe na ukumbi unashangilia! Mashirika ya wanawake ya Korea yalikuja juu, yakasema lile ni tangazo la hospitali lililovalishwa nguo za huruma. Msimu wa 5, mwaka 2015, ukawa wa mwisho.

Wakati niko kule, vituo vya treni vya upande wa Gangnam vilikuwa vimejaa mabango ya kabla na baada. Ukiyapita asubuhi na jioni kwa miaka 5, unaanza kujipima taya kwenye kioo cha treni. Na mimi ni mwanaume kutoka Iringa.

#6 · Mchangiaji

Mkuu mleta uzi, mbona Botched inaonyesha matatizo? Pale wanakuja walioharibiwa na upasuaji na wanaonyeshwa mpaka makovu. Hilo hukuliweka.

#7 · Mleta uzi

Kweli kabisa, nilistahili kuliweka. Botched ilianza 2014 kwenye chaneli ya E!, na mpaka wagonjwa wetu wanaifahamu kwa DStv. Nakubali imefanya kitu kimoja kizuri: mara nyingine daktari anamwambia mtu hapana, sikukati, hatari ni kubwa. Kwenye vipindi vya 2004 neno hapana ulikuwa hulisikii.

Lakini tazama pia ni nani anayerekebisha. Mmoja wa madaktari 2 wa Botched, Terry Dubrow, alikuwa mpasuaji wa The Swan. Mwishoni mwa 2010 alikuwa kwenye Bridalplasty, kile cha mabibi harusi wanaoshindana kwenye michezo, mshindi wa wiki anapewa upasuaji mmoja kutoka kwenye orodha yake. Kanuni za maadili za chama cha wapasuaji rekebishi cha Marekani zinakataza upasuaji kutolewa kama zawadi ya shindano, na kipindi kilirushwa vilevile. Sisemi ni daktari mbaya wa kazi. Nasema ni biashara ileile iliyogundua kwamba hata walioharibika wanaangaliwa.

Na kwa anayesema runinga haimshawishi mtu: mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 42 waliokuwa wanakwenda kwa mpasuaji wa urembo kwa mara ya kwanza. Wanne kati ya kila 5 walisema vipindi hivi viliwasukuma. Wale waliokuwa wanaviangalia sana ndio waliojiona wanaelewa zaidi upasuaji. Hapo ndipo pananitisha, kwa sababu mgonjwa anayedhani ameshajua haulizi.

Kaka wa Korea, nashukuru sana. Ile ya kumkumbusha kwa kidole ajifute mate, nimewasimulia wenzangu chumba cha chai. Mlikuwa wauguzi bila kujua.

#8 · Mchangiaji, Mwanza

Dada, mimi sijui kuandika vizuri. Mdogo wangu wa kike yuko Dar, anafanya kazi ya mapokezi. Amepata mtu anachoma sindano za kuongeza makalio, anamfuata nyumbani kwake, shilingi laki kadhaa, si hospitali. Amenitumia picha ya "kabla na baada" ya mteja mwingine. Anasema dada usiogope, wiki moja tu. Ijumaa ndiyo siku. Nikimkataza atanyamaza na ataenda. Nimwambie nini?

#9 · Mleta uzi

Dada wa Mwanza, umeandika vizuri sana. Sikiliza.

Usianze na kumkataza. Mpigie simu, usimwandikie, akusikie sauti. Mwambie unataka kumuuliza mambo machache ili ujue jinsi ya kumuuguza.

La kwanza: kwenye sindano kuna nini? Aombe chupa, apige picha ya maandishi, akutumie. Kama ni silikoni ya maji, ile ikishaingia haitoki. Inahama, inafika kwenye paja na mgongo, inaozesha nyama, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inakwenda kwenye mapafu. Tumempokea mtu wa namna hiyo, alikuja usiku, aliyemchoma ameshazima simu. Nisingependa kueleza zaidi.

La pili: hata kwa madaktari bingwa, kwenye hospitali yenye vifaa, wakichukua mafuta ya mtu mwenyewe na kuyaweka kwenye makalio, ripoti ya wapasuaji ya mwaka 2017 ilikadiria kifo 1 kwa kila wagonjwa 3,000 hivi, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa yanakwenda moja kwa moja moyoni na kwenye mapafu. Hiyo ni kwa bingwa. Yeye anakwenda sebuleni kwa mtu.

La tatu, na hili ndilo naomba ulisisitize: siku ya 4 usiku, ikianza homa, anampigia nani? Nani atalala pembeni yake? Atalala kifudifudi siku ngapi na kazini atasema nini? Na huyo wa kwenye picha yuko wapi sasa, anaweza kuongea naye kwa simu leo?

Usimwambie ni mzuri hivyohivyo, atajua unambembeleza. Muulize tangu lini ameanza kujiona ana upungufu, na nani alianza kumwambia. Halafu nyamaza umwache aongee.

Kama anataka kuonana na bingwa, nimekutumia ujumbe wa faragha wenye siku za kliniki. Nitamsindikiza mwenyewe, aje na nguo ya kawaida tu, asione aibu. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, kwa hiyo mchana simu yangu huwa imezimwa, jaribu baada ya saa 10 jioni.

#10 · Mchangiaji, Mwanza

Nimeongea naye dakika 50. Chupa haina maandishi. Ijumaa haendi, ila hajasema kabisa kwamba ameacha. Amekubali umsindikize kliniki. Amelia, na mimi nimelia.

#11 · Mleta uzi

Nimeuona ujumbe wake. Jumanne saa 2 asubuhi, getini.